Ujumbe Niliomsomea Shivachi Akiwa Shimoni

Kama umewahi kuingia choo cha nje pale Kawangware, ukachuchumaa kwa amani na sakafu isikudidimize, nishukuru mimi, fundi Muia. Kuanzia mtaa wa Gatina hadi mtaa wa Kongo nimemwaga saruji juu ya mashimo mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Ukishatoa shukrani hizo zigawe mara mbili, nusu moja uipeleke kwa Shivachi. Mimi nilikuwa mtu wa juu. Chini kote kulikuwa kwake.

Alikuwa mtu mfupi, mabega kama mlango, Mluhya wa Ikolomani, pale msitu wa Kakamega unapopakana na mashamba. Aliniita mulamwa, yaani shemeji, ingawa mimi ni Mkamba wa Machakos na hakuna dada wa mtu aliyeolewa na mtu. "Mulamwa," angeniambia, "siku dada yangu atakuona, ataolewa na mti." Nami ningemjibu kwamba mti wa kwao tayari umekatwa, aje tu. Tulitaniana hivyo miaka tisa.

Kazi yake alikuwa na namna ya kuifanya ambayo sijaiona kwa mwingine. Kila baada ya futi mbili aliacha sururu, akaupiga ukuta wa udongo kwa kiganja, polepole, kama mama anayempiga mtoto mgongoni acheue. Halafu anasikiliza. Siku moja kwenye ploti ya Mama Wangoi alipiga, akasikiliza, akapanda ngazi akakaa chini ya jua.

"Umechoka?" Mama Wangoi akamuuliza, mikono kiunoni.

"Huu udongo unasema uongo."

"Mimi nimelipia shimo, sijalipia maombi."

Usiku ule ukuta ulianguka wenyewe. Tangu siku hiyo Mama Wangoi alikuwa akimpelekea chai kwa thamosi, na mimi niliyemtafutia kazi nikawa nakunywa mabaki.

Ujuzi huo hakuupata kwenye vyoo. Aliupata kwenye dhahabu. Alinisimulia kidogo kidogo, kwa sababu Shivachi hakuwa mtu wa maneno, maneno yalikuwa yangu. Alisema alipokuwa mdogo msitu ulianzia mlangoni kwa mama yake. Mbega walishuka kuiba mahindi, na kwenye kijito cha chini kulikuwa na kaa wengi hivi kwamba wasichana walienda kuteka maji na fimbo mkononi. Halafu watu wakaokota punje ya manjano. Kila mwenye jembe akachimba. Ilikatwa kwanza miti iliyonyooka, ikawa nguzo za kuzuia kuta za mashimo zisianguke. Miti iliyopinda ikawa kuni. Kijito kikawa rangi ya chai ya maziwa, kaa wakaisha. Mashimo yaliyokosa kitu yaliachwa wazi yakajaa mvua, na ng'ombe wa jirani akipotea huulizi tena ameenda wapi. Wavulana waliingia chini, wasichana wakaketi na karai kuosha mchanga. Shule ikabaki na mwalimu na kengele.

Mke wake, Jentrix, alikuwa mwoshaji. Wanaoosha hutumia zebaki, ile kitu inayong'aa na kukimbia kama ina roho. Huko wanaiita dawa. Unaichanganya na mchanga kwa mkono mtupu, inakamata dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, halafu unaichoma moto ili dawa iondoke kwa moshi dhahabu ibaki. Jentrix aliichomea kwenye jiko lile lile la ugali, mlango ukiwa umefungwa, majirani wasione kiasi alichopata. Akaanza kutetemeka mikono. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Watu wakasema amerogwa, wakamtafuta mchawi mwaka mzima. Baada ya Mourine, mtoto wao wa kwanza, alizaa wawili ambao hawakulia. Nesi mmoja ndiye aliyemuuliza Shivachi, "Mnachoma nini nyumbani?" Wakati huo Jentrix alikuwa hawezi tena kufunga kifungo cha nguo yake.

Alipomzika, Shivachi alimbeba Mourine, miaka sita, akaja naye Nairobi. Alimwapia mtoto yule, na baadaye akaniapia mimi, kwamba mkono wa Mourine hautagusa ile karai. Hakuwa na ndoto nyingine. Sijawahi kumsikia akitaka shamba wala redio kubwa. Alitaka hilo tu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo habari yote imelala. Nyumbani kwa Shivachi neno mashimoni lilikuwa na maana moja. Lilikuwa kule kwenye dhahabu, kulikomwua Jentrix. Mourine alipokuwa mkubwa akapata kazi ya kuuza maji kwenye kioski Kibera, akapanga chumba na rafiki yake Akeyo, na sehemu ile ya Kibera inaitwaje? Inaitwa Mashimoni. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamwambia, "Mulamwa, umemtoa mtoto mashimoni ukampeleka Mashimoni." Hakucheka. Tangu siku hiyo aliita mahali pale "kwa maji." Mourine pia aliita hivyo. "Naenda kwa maji, baba." Sisi wengine wote tuliita Mashimoni, kwa sababu ndilo jina lake, na mimi sibadilishi jina la mtaa kwa ajili ya huzuni ya mtu mmoja.

Krismasi ya mwaka wa 2007 Mourine alikuja Kawangware na kuku. Alikuwa na ujauzito wa miezi minne hivi, wa fundi wa viatu anayeitwa Geoffrey, ambaye alipoambiwa habari hiyo aliteleza kama sabuni kwenye beseni. Nilitegemea Shivachi atapiga kelele. Alimkatia paja la kuku akamwekea kwenye sahani.

"Ankol Muia," Mourine akaniambia, "huyu mtoto atakuwa Mluhya ama mshona viatu?"

"Atakuwa Mkamba," nikasema. "Mtoto mwenye akili huzaliwa Mkamba."

Tulicheka. Alirudi kwa maji siku iliyofuata, ili apige kura yake kule alikojiandikisha.

Yaliyotokea baada ya kura mnayajua, hata nyinyi mliokuwa mnanyonya. Matokeo yalitangazwa Jumapili jioni, na kabla ugali haujaiva Kibera ilikuwa inawaka. Kawangware nako watu walikuwa wakiulizwa majina, ijulikane ni kabila gani. Mimi na Shivachi tulilala na sururu mlangoni, yeye na ya kwake, mimi na ya kwake nyingine. Siku ya nne tulijaribu kwenda Kibera kwa miguu. Tulifika Adams Arcade, polisi wakaturudisha kwa moshi ule wa kutoa machozi. Nilikimbia vizuri sana. Shivachi hakukimbia, alitembea tu akilia kama wengine wote waliokuwa wanalia kwa moshi, kwa hiyo sijui.

Simu ya Mourine haikupatikana. Siku zikawa wiki mbili. Shivachi alirudi kazini kwa sababu Mama Wangoi alitaka choo cha pili, na pia nadhani kwa sababu chini ya ardhi hakusikii ving'ora.

Katika ploti nzima mwenye simu nilikuwa mimi. Na mwenye kusoma haraka nilikuwa mimi, nimefika darasa la saba, ningefika la nane kama mwalimu asingekuwa na wivu. Kila ujumbe wa ploti ile ulipitia kwangu. Nilikuwa siwasomei tu, nilikuwa nawafafanulia, kwa sababu watu wanaandika vibaya. Mtu akiandika "mama hajambo kidogo," mimi namwambia mwenye mama, "Mama yako anaumwa, tuma kitu." Sikuwahi kukosea.

Tarehe kumi na tano Januari, saa nne asubuhi, Shivachi akiwa futi kumi na mbili chini, simu ikalia. Namba ya mgeni. Ujumbe ulikuwa wote kwa herufi kubwa, jinsi simu za wakati ule zilivyokuwa: MWAMBIE BABA NIKO SALAMA. NIKO MASHIMONI. ANISAMEHE. ASIJE NJIA NI MBAYA. MOURINE.

Niliinama juu ya shimo nikapiga kelele, "Mulamwa! Mtoto amepatikana! Yuko nyumbani kwake Kibera, salama!"

Sururu ikanyamaza. Nikaona kipara chake kikigeuka, uso ukiangalia juu, mdogo kama sahani.

"Soma vile ameandika."

"Si nimekusomea?"

"Umeniambia. Sasa soma."

Niseme ukweli, niliudhika. Mtu yuko ndani ya shimo la choo ananipa mtihani. "Anasema yuko salama, kwake, na usiende, njia ni mbaya, na umsamehe."

"Nimsamehe nini?"

"Si mimba? Shivachi, wewe nawe. Mtoto wa kike akipata mimba atasema umsamehe mpaka mjukuu aoe."

Halafu nikasikia kitu ambacho kwa miaka tisa nilikuwa sijasikia kikitoka shimoni. Alikuwa anaimba. Wimbo wa kanisa, kwa lugha yake, sauti mbaya kabisa. Mama Wangoi alitoka nje kuangalia kama kuna mtu ameumia.

Tulipiga ile namba, ikasema mteja hapatikani. Nikasema ni ya kuazima, sivyo? Ilikuwa ya kuazima kweli. Hata hapo sikukosea.

Wiki tatu na nusu alizokaa hivyo zilikuwa nzuri. Sitawaficha. Nchi ilikuwa inaungua, na mtu huyu alikuwa anachimba huku akiimba. Alinunua shali ya mtoto, ya manjano, kwa mama mmoja aliyeokoa nguo chache za mitumba soko la Toi lilipochomwa. Ilinuka moshi. Aliifua mara tatu, akaianika ndani kwa kamba, juu ya kitanda chake, kwa sababu nje ingeibwa. Ukiingia kwake kuomba chumvi ilikugusa usoni.

Jumapili moja ya Februari watu wakasema njia ya Kibera inapitika. Tulienda, yeye na shali kwenye mfuko wa karatasi, mimi na maneno. Toi ilikuwa majivu na nguzo nyeusi, na katikati yake mtu tayari anauza nyanya. Tukashuka hadi Mashimoni. Kioski cha maji kilikuwepo, na ndani yake Akeyo, peke yake, anajaza mitungi.

"Niaje wazee," akasema. Halafu akamtambua Shivachi, akafunga bomba. Kwa mtu wa Kibera kufunga bomba kukiwa na foleni, ujue kuna jambo.

"Mourine yuko wapi?" Shivachi akauliza.

"Kwani hakuwashow? Nyumba iliungua, baba. Tulilala Jamhuri, kwa uwanja wa shoo, na wengine waliochomewa, kama wiki mbili hivi. Halafu kukakuja basi za kupeleka watu wa Western, zimesindikizwa na polisi. Akaenda kwa shangazi yake ushago, kule kwenu Ikolomani. Mimi nilimwambia abaki. Akasema Nairobi hakuna kazi, na mtoto anakuja, na shangazi ana nafasi ya kuosha." Akanitazama mimi. "Si alituma mesej? Alisema akifika ataazima simu ya polisi wa basi."

Shivachi alinyoosha mkono kwangu bila kuniangalia. Nilimpa simu. Hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo ikitembea. Alipofika kwenye lile neno kidole kilisimama. Watu wa foleni walikuwa wanagonga mitungi yao, na mmoja akasema, "Wazee, songeni basi."

"Alinieleza," Shivachi akasema. "Mtoto alinieleza kila kitu."

Nikaanza kusema kwamba neno lina maana mbili, kwamba herufi zote zilikuwa kubwa, kwamba hata mwalimu angekosea. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na nikaichoka. Ni mara ya kwanza jambo hilo kunipata.

Tulirudi kwa miguu hadi Kawangware. Pale Dagoretti Corner aliongea mara moja tu.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mkono wake umekuwa ndani ya karai siku ishirini na sita, na mimi naimba."

Ukitaka kujua upweke ni nini, tembea kutoka Kibera hadi Kawangware kando ya mtu ambaye ana haki ya kukupiga na hakupigi.

Jumanne nilimsindikiza kwenye basi. Kulikuwa na mabasi mawili tu, yanaenda pamoja na gari la polisi mbele. Abiria walikuwa wamenyamaza, kila mtu amekumbatia mzigo wake. Nilimnunulia mkate na soda. Nikamwambia, "Mulamwa, nichape basi, yaishe."

"Ulinipigia kelele nikiwa shimoni."

"Nilikuwa na furaha."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuchapi." Akapanda.

Hakupiga simu hadi mkataba wa wakubwa uliposainiwa na watu wakaanza kuongea kwa sauti tena. Ilikuwa Machi. Sauti yake ilikuwa inakuja na upepo mwingi. Alisema msitu umesogea mbali, kutoka nyumbani kwa mama yake sasa unauona kama kitu cha watu wengine. Alisema kijito hakipo, kuna madimbwi tu, na watoto wanaosha ndani yake kwa sababu shule imefungwa tangu fujo. Watu waliofukuzwa mijini wamerudi wengi, wote wamekimbilia kwenye mashimo.

"Na Mourine?"

"Nilimkuta ameketi na karai katikati ya miguu, tumbo juu ya magoti. Hakushangaa kuniona. Aliniambia, baba, umechelewa kukasirika."

"Mtoe hapo. Rudini wote. Mama Wangoi ana ploti ya tatu."

"Kurudi wapi? Nyumba yake iliungua. Na shangazi yake ana nafasi moja pale kwa Wekulo, msimamizi wa shimo. Nafasi ikikosa mtu, inapewa mwingine, na shangazi ana watoto watano wanaokula hapo. Nilimwuliza Wekulo kama atakubali mtu mwingine badala ya Mourine. Akasema wanawake wa kuosha anao, anachokosa ni mtu wa chini anayejua kusikia ukuta."

Niliijua sehemu iliyobaki.

"Kwa hiyo yeye ametoka kwenye dawa," Shivachi akasema. "Haruhusiwi hata kukaribia. Nimemwekea jiko lake mwenyewe, huku nyuma, mbali na la shangazi. Na mimi nimeingia."

"Futi ngapi?"

"Mulamwa, hayo ya choo tulikuwa tunacheza."

Alikuwa ameapa mkono wa mtoto hautagusa ile karai, ukagusa kwa sababu yangu. Akaulipia kwa mwili wake mwenyewe, bila kunitajia hata mara moja. Mimi ningemtajia kila siku. Ningetengeneza wimbo.

Nilimaliza choo cha pili cha Mama Wangoi peke yangu, upande wa juu. Cha tatu nilisema nitachimba mwenyewe. Kwani ni nini? Ni udongo. Nilifika futi nne nikipumua kama ng'ombe, nikajaribu kuupiga ukuta kwa kiganja nione utasema nini. Sikusikia kitu. Nilipiga tena, nikaweka sikio. Mama Wangoi akaja na thamosi, akasimama pale juu akinitazama muda mrefu, akamimina kikombe akaniteremshia.

Ploti ikawa kimya. Watu walianza kununua simu zao, kwa hiyo hakuna aliyeleta ujumbe nimsomee. Mmoja alileta, mzee Ndeti, na mimi nikamsomea jinsi ulivyoandikwa, neno kwa neno, hata makosa. Akaniuliza, "Unaumwa?"

Mwishoni mwa Mei simu ililia mchana. Ilikuwa Mourine.

"Ankol, ni msichana."

"Amelia?"

"Alilia."

"Sana?"

"Amelia vizuri. Mikono yake bado sijui. Nesi anasema tungoje, ni mapema kuona. Anaikunja tu. Baba kila akitoka kazini anakaa naye, anamwekea kidole ashike, anaangalia kama anatikisika."

"Anatikisika?"

"Watoto wote wachanga wanatikisika kidogo, Ankol. Ama?"

Mimi nimezaa watano, na nilikuwa sijawahi kuangalia mikono ya hata mmoja. Nikasema ndiyo, wote. Nikaongeza kwamba sijui, kwamba nasema tu, amwulize nesi.

"Nipe baba yako."

"Yuko chini. Atapanda jioni."

"Basi mwambie nina shimo hapa linamngoja. Nimelianza mwenyewe."

"Futi ngapi?"

"Nne."

Akacheka, kicheko kile cha Krismasi, na nyuma yake nikasikia mtoto akianza kulia. "Nne? Ankol, hiyo hata kuku hawezi kujificha."

Nikafungua mdomo nimjibu, na nilikuwa na jibu zuri sana, lakini kadi ya simu yake ikaisha, simu ikakatika.